Mchoro uliositiriwa kwa pazia: Jinsi 'Guernica' ulivyovifanya vita vya Uhispania kuwa kesi ya walimwengu

MNAMO Februari 5, 2003, Colin Powell, wakati huo akiwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Marekani, alifika katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa jijini New York kulieleza Baraza la Usalama ni kwa nini Iraq ilistahili kukabiliwa. Nje ya ukumbi wa baraza hilo, mahali ambapo mabalozi husimama kuzungumza na wanahabari, palitundikwa zulia kubwa la ukutani lililofumwa kwa kuiga mchoro wa Pablo Picasso uitwao 'Guernica'. Siku hiyo zulia hilo halikuonekana. Lilikuwa limefunikwa kwa pazia la buluu, na mbele ya pazia zikapangwa bendera.

Maafisa wa Umoja huo walieleza kwamba wapigapicha wa televisheni walihitaji mandhari tulivu nyuma ya wasemaji. Huenda. Lakini wengi hawakuridhika na maelezo hayo. Walitaka kujua ingekuwaje iwapo mama anayelia akiwa amempakata mtoto aliyekufa, na farasi aliyechomwa mkuki, wangeonekana kwenye televisheni juu ya bega la mtu anayetetea vita. Wahenga walinena kuwa macho hayana pazia. Kitendo cha kuufunika mchoro kiliwafanya watu wautazame upya, na magazeti ya mataifa mengi yakaanza kusimulia kisa cha mji mdogo ambao, lau si kalamu ya mwandishi mmoja na brashi ya mchoraji mmoja, huenda ungesahaulika.

Mji wenyewe, Gernika kwa lugha ya wakazi wake, uko katika nchi ya Wabasque kaskazini mwa Uhispania. Ulikuwa na wakazi elfu kadhaa tu, lakini wenye heshima isiyolingana na idadi yao, kwani chini ya mwaloni wake ndipo watawala walipoapa tangu kale kuwa wataziheshimu sheria na haki za Wabasque. Alasiri ya Jumatatu, Aprili 26, 1937, siku ya soko, ndege za Kikosi cha Condor cha Ujerumani, zikisaidiwa na za Italia, ziliushambulia kwa muda wa saa tatu hivi. Yalianza mabomu ya kubomoa, yakafuatwa na mabomu madogo ya kuchoma, huku ndege nyingine zikiwafuata kwa risasi watu waliokimbilia mashambani. Serikali ya Wabasque ilitangaza kwamba waliouawa walikuwa 1,654. Watafiti wa baadaye wameipunguza sana idadi hiyo, wengi wao wakikadiria kati ya 150 na 300. Mji uliteketea, ila mwaloni ule ukasalia.

George Steer, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeandikia gazeti la The Times la London, alikuwa Bilbao jioni hiyo. Alifika Guernica usiku huohuo, moto ukingali unawaka, akawahoji manusura na kuziokota chupa za mabomu ya moto zenye chapa ya Kijerumani. Taarifa yake ilichapishwa Aprili 28 jijini London na New York.

Ili kuelewa kishindo chake, sharti msomaji akumbuke hali ya siasa za wakati ule. Vita vya Uhispania vilianza Julai 1936, majenerali, Francisco Franco akiwa miongoni mwao, walipoasi dhidi ya serikali ya Jamhuri iliyochaguliwa na raia. Mataifa zaidi ya 20 ya Ulaya yakakubaliana kutoingilia kati, yakisema huo ni ugomvi wa Wahispania wenyewe. Ujerumani na Italia zilikuwa miongoni mwa waliokubali. Kwa hivyo chapa ile kwenye chupa ya bomu ilikuwa ushahidi kwamba makubaliano hayo ni kiini macho. Ikiwa marubani walikuwa Wajerumani, basi vita hivyo havikuwa vya Wahispania peke yao, na serikali za London na Paris zilizokuwa zikifumba macho zingelazimika kujieleza mbele ya wananchi wao.

Ndiyo maana upande wa Franco uliharakisha kukanusha. Ulidai kuwa hakuna ndege zilizoruka siku hiyo na kwamba Wabasque wenyewe ndio walioutia moto mji wao walipokuwa wakirudi nyuma. Uongo huo ulikaririwa rasmi nchini Uhispania kwa miaka mingi. Mjadala ukapamba moto bungeni Uingereza, makanisani na katika kurasa za barua za wasomaji. Haukuwa mjadala mtupu. Mnamo Mei 1937 watoto karibu 4,000 wa Kibasque waliteremka kutoka meli ya Habana katika bandari ya Southampton, serikali ya Uingereza ikiwa imekubali shingo upande kuwapokea kwa sharti kwamba gharama zao zilipwe na wahisani.

Picasso, Mhispania aliyekuwa akiishi Paris, alikuwa ameombwa na serikali ya Jamhuri mnamo Januari 1937 kuchora picha kubwa kwa ajili ya banda la nchi yake katika Maonyesho ya Kimataifa ya mwaka huo. Kwa miezi kadhaa alisuasua. Alichokuwa akikifikiria ni picha ya msanii katika karakana yake, mada isiyohusiana na vita hata kidogo. Habari za Guernica zilipochapishwa katika magazeti ya Ufaransa alilitupa wazo hilo, na Mei 1 akaanza kuchora rasimu mpya. Mwanzoni mwa Juni kazi ilikuwa imekamilika, mita 3.49 kwenda juu na mita 7.77 kwa upana. Mpigapicha Dora Maar aliipiga picha hatua kwa hatua, hivi kwamba hata leo tunaweza kuona jinsi ngumi iliyoinuliwa juu kwa ukakamavu katika rasimu za awali ilivyofutwa.

Mchoro huo hauna rangi ila nyeusi, nyeupe na kijivujivu, kana kwamba umechapishwa gazetini. Mna mama na mtoto wake, fahali, farasi anayelia, askari aliyeanguka na upanga uliovunjika mkononi, mwanamke aliyenyoosha taa kupitia dirishani, mwingine akiporomoka katika nyumba inayoungua. Hamna ndege wala bomu. Hamna bendera, sare, wala alama yoyote ya Ujerumani. Mtu asiyeambiwa jina la mchoro hawezi kujua ni mji gani, na hapo ndipo penye siri ya umri wake mrefu: kila kizazi kimeweza kuutazama na kuiona vita vyake.

Banda la Uhispania lilipofunguliwa Julai 12, 1937, si wote waliofurahi. Wapo waliotaka mchoro ulio wazi zaidi, wa wapiganaji mashujaa na adui anayetambulika. Mhakiki Mwingereza Anthony Blunt aliushutumu kuwa ni wa kibinafsi mno, usioweza kumfikia mtu wa kawaida, naye Herbert Read akajitokeza kuutetea. (Blunt alikuja kubadili msimamo, na mnamo 1969 akachapisha kitabu kizima kuuhusu mchoro huohuo.) Swali walilobishania halijapata jibu hadi leo: je, sanaa inayotaka kuamsha umma iseme kwa lugha ya bango au kwa lugha ya fumbo?

Jibu la vitendo lilipatikana safarini. Mnamo 1938 mchoro ulipelekwa Norway, Denmark na Sweden, kisha ukaingia London, mwanzo katika jumba la maonyesho la mtaa wa matajiri. Januari 1939 ukahamishiwa Whitechapel, mtaa wa makuli, washonaji na wahamiaji. Maonyesho yalifunguliwa na Clement Attlee, kiongozi wa chama cha Leba aliyekuja kuwa waziri mkuu. Wageni waliombwa kuleta jozi ya buti zinazoweza kuvaliwa na askari wa Jamhuri, na buti hizo zikarundikwa chini ya mchoro. Watu wa Whitechapel walimiminika kwa maelfu. Fumbo ambalo Blunt alidhani lingewashinda halikuwashinda.

Buti hazikutosha. Barcelona ilianguka mwezi huohuo wa Januari na Madrid ikafuata Machi. Mchoro ulipovuka bahari kuelekea New York Mei 1939, ulikuwa ukichangisha fedha za wakimbizi. Miezi minne baadaye Ulaya nzima ilikuwa vitani, na yale yaliyotendeka Guernica yakarudiwa Warsaw, Rotterdam, London na, kwa mikono ya waliokuwa wakiulaani ukatili huo, Hamburg na Dresden.

Kisa hiki kina sehemu ya Kiafrika ambayo husimuliwa kwa nadra. Kabla ya kwenda Uhispania, Steer alikuwa Addis Ababa, akiripoti uvamizi wa Italia nchini Ethiopia, au Uhabeshi kama ilivyoitwa, ulioanza Oktoba 1935. Huko nako alikuwa ameandika juu ya ndege zinazoangamiza raia, mahema ya Msalaba Mwekundu yaliyopigwa mabomu na gesi ya sumu iliyonyunyiziwa wanavijiji. Huko nako mjadala ulikuwepo. Jijini London wanaharakati weusi walianzisha chama cha kuitetea Ethiopia chini ya C.L.R. James, mzaliwa wa Trinidad, na katibu wake alikuwa Mkenya kwa jina Jomo Kenyatta. Mnamo Desemba 1935 hasira za umma zilimng'oa mamlakani Samuel Hoare, Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Uingereza, baada ya kufichuka mpango aliouandaa pamoja na Pierre Laval wa Ufaransa wa kumkatia Mussolini sehemu kubwa ya ardhi ya Ethiopia.

Kisha moyo ukapoa. Juni 30, 1936, Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya Ligi ya Mataifa jijini Geneva na kuonya kuwa yaliyowapata watu wake yangewapata wengine. Wanahabari wa Kiitaliano walimzomea. Mwezi uliofuata vikwazo dhidi ya Italia viliondolewa. Hakuna jumba la sanaa la Ulaya lililotundika mchoro wa mita saba kuhusu mahema ya Msalaba Mwekundu, wala hakuna aliyeombwa kuleta buti. Ni vigumu kuepuka dhana kwamba rangi ya waliouawa ilichangia. Guernica iliwashtua Wazungu kwa kuwa iliwaonyesha kuwa ndege zinaweza kuja kwao. Mwenzako akinyolewa wewe tia maji, lakini Ulaya haikumtambua Mhabeshi kuwa mwenziwe.

Gharama ya kutomtambua ililipwa pia na Kenya. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, ndege zake zilizokuwa na vituo Ethiopia na Somalia zilishambulia Wajir, na Julai Waingereza waliiacha Moyale mikononi mwa Waitalia. Askari wa King's African Rifles, wengi wao vijana kutoka vijiji vya Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walitumwa kupigana katika vita ambavyo miaka minne awali viliitwa ugomvi wa Mussolini na Wahabeshi. Steer naye alirejea, safari hii akiwa mwanajeshi anayesimamia propaganda ya Mfalme aliyekuwa akirudi nyumbani. Alifariki Desemba 1944 katika ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 35.

Mchoro ulibaki New York. Picasso alishikilia kuwa usirudi Uhispania hadi uhuru wa wananchi urejeshwe, na hata serikali ya Franco ilipoanza kuudai mwishoni mwa miaka ya 60, alikataa. Wakati wa vita vya Vietnam wasanii wa Marekani waliugeuza kuwa jukwaa: mnamo 1970 walisimama mbele yake wakiwa na bango lenye picha ya wanawake na watoto waliouawa na askari wa Marekani katika kijiji cha My Lai. Picasso alikufa 1973, Franco akafuata 1975. Serikali mpya ya Madrid ilipotaka kuthibitisha kwamba mchoro ni mali ya Uhispania, ilitegemea hati za 1937 zilizoonyesha kuwa Jamhuri ilikuwa imemlipa msanii faranga 150,000. Uliwasili Septemba 1981 na kuwekwa nyuma ya kioo kisichopenya risasi, ukilindwa na polisi wenye bunduki.

Mnamo 1997 Rais Roman Herzog wa Ujerumani aliwaandikia manusura wa Guernica akikiri kwamba marubani wa nchi yake ndio waliotenda unyama ule. Ilikuwa imetimia miaka 60. Zulia la Umoja wa Mataifa, ambalo ni mali ya familia ya Rockefeller, liliondolewa Februari 2021 na kurudishwa mahali pake mwaka uliofuata. Mchoro wenyewe umo katika makavazi ya Reina Sofia jijini Madrid tangu 1992. Wabasque wameomba mara kwa mara upelekwe kwao japo kwa muda, nao wasimamizi wamekataa kila mara, wakisema kuwa safari nyingi za zamani ziliuchakaza mno kuweza kusafiri tena. Mjini Gernika kuna nakala yake ya vigae ukutani, na chini yake maandishi ya Kibasque yanayotaka mchoro urudi Gernika.