Je, Mzazi Anaweza Kumtoza Kodi Mtoto Mkubwa Anayeishi Nyumbani?



Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Ama ba'ad:

Kwetu visiwani swali hili huonekana la ajabu. Nyumba ya baba ni ya watoto, binti hatoki mpaka aolewe, na kijana wa kiume huambiwa atafute pake pale anapotaka kuoa. Baba atakayemwambia mwanawe kwamba kila mwezi anataka kodi ataitwa bakhili mtaa mzima kabla ya Magharibi. Lakini aibu ya mtaani si hukumu ya sheria, na ipo mikoa ambayo jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwetu. Mojawapo ni Mara, hasa wilaya za Tarime na Serengeti, ambako Waislamu ni wachache na mila ina nguvu. Tutautumia mfano wa huko kwa sababu unayaonesha wazi mambo ambayo kwetu hukaa yamefichika mpaka siku ya kugawa mirathi.

Tarime wengi ni Wakurya. Serengeti wapo Wakurya pia, pamoja na Wangoreme, Waikoma na Wanata. Makazi yao ya asili ni boma lenye zizi la ng'ombe, na nyumba za wake wa mwenye boma zikilizunguka. Kijana akishatahiriwa hulala katika kibanda cha vijana, lakini chakula ni cha mama. Hapakuwa na neno kodi. Kijana alilipa kwa kuchunga na kulima, na binti "alilipa" kwa ng'ombe walioletwa alipoolewa, ambao mara nyingi ndio waliotumika kumwozea kaka yake. Kisha ikaja fedha. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioko Nyamongo ulianza uzalishaji mwaka 2002, na leo unamilikiwa na Barrick kwa ubia na Serikali kupitia kampuni ya Twiga. Kuna wachimbaji wadogo, biashara ya mpakani Sirari, na kazi za hoteli na kambi za watalii upande wa Mugumu na Ikoma. Kila penye mshahara pana mpangaji. Basi baba mwenye nyumba ya vyumba sita Tarime mjini, vitano akiwa amepangisha na cha sita analala mwanawe mwenye mshahara, ana haki ya kuuliza: mbona huyu halipi?

Jibu ni kwamba inajuzu kumtoza. Matumizi ya mtoto mdogo asiye na mali, yaani chakula, mavazi na makazi, ni wajibu wa baba, na dalili zake zimo katika Suratul Baqarah aya ya 233 na Suratut Twalaaq aya ya 6. Katika madhehebu ya Imam Shaafi'iy wajibu huo huondoka mtoto akibaleghe na akawa na uwezo wa kuchuma. Hubaki ikiwa ni fukara na wakati huohuo ana maradhi ya kudumu au hana akili timamu. Kwa hiyo kijana mzima mwenye kazi hana haki ya kisheria ya kukaa bure, na baba akimwacha akae huo ni wema wake. Angalia tu kwamba mvulana anaweza kubaleghe akiwa na miaka 14 au 15, ilhali Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa Bara, na ya mwaka 2011 kwa Zanzibar, zinamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Huyo hatozwi kitu.

Ama binti, Wahanafi na Wamaliki wamesema matumizi yake, akiwa hana mali, yako juu ya baba mpaka aolewe. Hata kwa wasiosema hivyo, kumbana binti kwa kodi mpaka akatafute chumba cha peke yake mjini ni kumtia katika hatari ambayo baba ataulizwa. Akiwa na mshahara na akaridhia kuchangia, hakuna ubaya.

Kodi ikishaamuliwa, huo ni mkataba wa ijaarah kama mwingine wowote: chumba kijulikane, muda ujulikane, kiasi kijulikane, na pande zote ziridhie (Suratun Nisaa, aya ya 29). Na anayetoza awe ndiye mwenye nyumba. Nyumba nyingi, hasa huku kwetu, ni za akina mama waliozirithi au kuzijenga. Mume hana ruhusa ya kutoza kodi ya nyumba ya mkewe na kuitia mfukoni.

Hapa ndipo panapokosewa sana. Baba amekaa na mwanawe miaka minne bila makubaliano yoyote, siku wamegombana anamwambia: unadaiwa kodi ya miaka minne. Dai hilo ni batili. Alichokuwa nacho kijana ni azima, kwa kuwa alikaa kwa idhini ya mwenye mali bila malipo. Mwenye kuazima anaweza kurudisha chake leo, akamwambia kuanzia mwezi ujao ulipe au uhame, lakini hawezi kuligeuza lililopita kuwa deni. Wala warithi hawawezi kumkata ndugu yao fungu lake kwa hoja kwamba alikaa bure kwa marehemu.

Kwa sababu hiyohiyo baba hana haki ya kudai "malipo ya malezi". Alichotumia kumlea mtoto kilikuwa wajibu wake kwa Allah. Mila ya ng'ombe wa mahari inagusa hapa moja kwa moja: Suratun Nisaa aya ya 4 imeyafanya mahari kuwa ya mke mwenyewe. Baba Mwislamu wa Tarime anayechukua ng'ombe wa bintiye kama fidia ya kumlea, au kumwozea kaka yake bila ya ridhaa ya binti, amekula mali ya mwanawe, hata kama ukoo mzima unamsifu.

Wapo wazazi wasiohitaji kodi bali wanahitaji kula. Mzazi akiwa fukara, matumizi yake ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo, awe anaishi naye au yuko Muscat. Hiyo isiitwe kodi, kwa sababu kodi hukoma mpangaji akihama, na haki ya mzazi haikomi. Hadithi inayosema kwamba mtu na mali yake ni vya baba yake imepokewa na Ibn Maajah. Wanazuoni wengi wameifahamu katika mipaka ya haja, bila kumdhuru mtoto. Haimpi baba umiliki wa mshahara wa mwanawe.

Wengine hukusanya fedha za kijana ili zimsaidie kuoa. Ni jambo zuri, ila nia isemwe. Zikipokelewa kama amana, ni mali ya kijana na zaka yake iko juu yake zikifika kiwango na kupitiwa na mwaka. Zikipokelewa kama kodi, ni mali ya baba, na akimrudishia ni hiba, na katika hiba kuna usia wa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) wa kufanya uadilifu baina ya watoto, katika Hadithi ya Nu'maan bin Bashiyr iliyopokelewa na al-Bukhaariy na Muslim.

Kubwa kuliko yote ni kijana aliyejenga nyumba ya tofali ndani ya eneo la baba kwa idhini yake. Ardhi ni ya baba, nyumba ni ya aliyejenga, na baba akifariki warithi hawaichukui bure. Lakini nani atathibitisha? Zanzibar familia itakwenda Mahakama ya Kadhi. Tarime itakwenda Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza mirathi kwa sheria ya Kiislamu au ya kimila, na huangalia marehemu aliishi kwa mwenendo upi. Tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963 humweka binti katika daraja la mwisho la urithi. Mwislamu aliyeishi kimila katika kila jambo la mali yake amewaachia watoto wake kesi ngumu. Aandike mapema, mbele ya mashahidi, kwamba nyumba ile ni ya mwanawe fulani. Hiyo ni ikrari ya haki ya mtu na haihesabiwi kuwa wasia, maana wasia kwa mrithi haupiti bila ridhaa ya warithi wengine. Na kama kuna kodi, iandikwe katika karatasi hiyohiyo, kiasi na tarehe iliyoanza.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.