Meza ya Nairobi: Kenya, Sudan na Uzito wa Msuluhishi

Dola zinazoinukia zinapojadiliwa, hesabu huanza na majeshi. Uturuki ilifungua kambi ya mafunzo ya kijeshi Mogadishu mwaka 2017. Mwaka huohuo China ikafungua kituo chake Djibouti. Rwanda nayo ikapeleka wanajeshi Cabo Delgado, Msumbiji, Julai 2021. Kwa mizani hiyo Kenya ni nchi ya wastani tu. Hata hivyo, kwa miaka mingi ilikuwa na kitu ambacho nchi hizo zisingeweza kukinunua katika eneo hili: mahasimu wa vita walikubali kuketi kwenye meza yake. Makala hii inadai kwamba hapo ndipo penye uzito halisi wa Kenya katika amani ya dunia, na kwamba tangu 2023 serikali imekuwa ikiuchezea.

Mfano mkubwa ni Sudan. Chini ya mwavuli wa IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya aliwakutanisha Machakos wajumbe wa serikali ya Khartoum na wa SPLM, waasi wa kusini, na tarehe 20 Julai 2002 wakatia saini itifaki iliyowapa watu wa kusini haki ya kujiamulia hatima yao baada ya kipindi cha mpito cha miaka sita. Septemba 2003 Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, na John Garang, kiongozi wa SPLM, wakaanza kuzungumza ana kwa ana Naivasha. Kazi ilikwenda kipande kwa kipande: usalama Septemba hiyohiyo, mgawanyo wa mali Januari 2004, mgawanyo wa madaraka Mei. Tarehe 9 Januari 2005, katika Uwanja wa Nyayo, vita vilivyoanza 1983 vikafikia kikomo kwenye karatasi.

Marekani, Uingereza na Norway zilisukuma kwa fedha na kwa vitisho, na hilo halifai kufichwa. Wala Kenya haikuwa mgeni kwa upande mmoja: viongozi wengi wa SPLM walikuwa na makazi Nairobi. Khartoum ililijua hilo na bado ikaja, kwa sababu iliamini kwamba mwenye nyumba hakuwa na nia ya kuipindua.

Ndani ya Kenya yenyewe, mji wa Kakamega unaijua thamani ya msuluhishi anayekubalika. Mji huo ulikuwa miongoni mwa sehemu za magharibi zilizokumbwa na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Wasuluhishi wa Umoja wa Afrika waliokuja kuuzima moto huo, Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa, hawakuwa na kikosi hata kimoja, lakini mwafaka ulitiwa saini 28 Februari 2008. Leo Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mjini humohumo, kinafundisha masomo ya amani na migogoro. Mhadhiri anayefundisha mazungumzo ya Machakos sasa analazimika kufundisha pia yaliyotokea KICC, ukumbi wa mikutano jijini Nairobi, Februari 2025.

Julai 2023 ujumbe wa jeshi la Sudan ulisusia kikao cha IGAD kuhusu vita vipya vya Sudan huko Addis Ababa, ukidai kwamba mwenyekiti wa kikao hicho, Rais William Ruto wa Kenya, anaegemea RSF, kikosi cha wanamgambo kinachopigana na jeshi hilo. Desemba mwaka huo mwanasiasa wa Kongo, Corneille Nangaa, alizindulia Nairobi muungano wake na waasi wa M23, na serikali ya Kinshasa ikamwita nyumbani balozi wake. Kisha, Februari 2025, RSF na washirika wake wakakusanyika katika ukumbi wa KICC kuandaa hati ya serikali yao sambamba. Wiki chache tu kabla, Marekani ilikuwa imetangaza kwamba RSF imetenda mauaji ya kimbari Darfur. Sudan ikamwita nyumbani balozi wake, na Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, ikiwemo chai, ambayo Sudan ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa.

Wizara ya Mambo ya Nje, chini ya Musalia Mudavadi, ilijitetea kwamba kutoa jukwaa kunaendana na desturi ya Kenya ya usuluhishi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake: vita vya Sudan haviwezi kuisha bila kuzungumza na RSF. Lakini Naivasha viti vilikuwa vya pande mbili. Kumpa ukumbi mpiganaji mmoja aunde serikali, huku mwenzake akiwa hayupo, ni kushiriki katika vita.

Kazi ya polisi wa Kenya nchini Haiti haijafidia hasara hiyo ya kuaminika. Kikosi cha kwanza kilitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024, na kilionyesha ujasiri ambao mataifa tajiri yaliukwepa. Lakini siku hiyohiyo polisi wenzao waliwapiga risasi waandamanaji nje ya Bunge jijini Nairobi.

Pengo haliachwi wazi. Machi 2025 Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Paul Kagame wa Rwanda walikutana Doha, na Qatar ikaendelea kuwa mwenyeji wa mazungumzo ya Kinshasa na M23.

Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 240, inataka idhini ya Bunge kabla ya wanajeshi kupelekwa nje ya nchi. Kuwapokea viongozi wa makundi yenye silaha hakujawekewa sharti kama hilo, na Bunge lina kila sababu ya kuliweka: wizara ieleze mbele ya kamati ni nani amealikwa, na kama upande wa pili umepata mwaliko uleule. Usuluhishi wenyewe urudishwe kwa mjumbe maalumu, kama alivyokuwa Sumbeiywo. Mjumbe akikataliwa anaweza kubadilishwa. Rais akikataliwa, nchi nzima inakataliwa naye.