Shaha Aliyejificha Ndani ya Cheki

Kijana wa Kariakoo anayemwambia mwenzake "nicheki baadaye" hajui kwamba amemtaja mfalme wa Uajemi. Hajui hivyo pia mhudumu wa mgahawa wa New York anayeleta bili mezani na kuiita "check". Neno hili fupi la Kiingereza limebeba mizigo mingi mno: kukagua, kuzuia, hundi ya benki, miraba ya kitambaa, na tishio analopewa mfalme katika mchezo wa sataranji. Anayejifunza Kiingereza hudhani hayo ni maneno matano yaliyofanana kwa bahati. Kumbe ni moja, na mama wa yote ni lile tishio la mfalme.

Mchezo wenyewe ulitoka India. Katika karne ya 6 hivi, kwa Kisanskriti, uliitwa chaturanga, yaani viungo vinne vya jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi wakautamka chatrang. Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya 7, waliupokea mchezo pamoja na msamiati wake, na kwa kuwa Kiarabu hakina "ch" wakaugeuza kuwa shatranj. Mfalme wa ubaoni walimwachia jina lake la Kiajemi, shah. Mchezaji akimlenga mfalme wa mwenzake alitamka "Shah!", kama anayesema: mwangalie mfalme wako, yumo hatarini.

Mfalme akishindwa kabisa, kauli ilikuwa "shah mat". Wengi hufundishwa kwamba maana yake ni "mfalme amekufa", kwa kulinganisha na kitenzi cha Kiarabu kilichotupa mauti na maiti. Wanaisimu wengi, hata hivyo, hulisoma "mat" kwa Kiajemi: aliyekwama, aliyeishiwa hila. Ufafanuzi huu unaendana na mchezo wenyewe, maana kete zote huliwa isipokuwa mfalme. Yeye hauawi, hukosa pa kwenda tu.

Kupitia Hispania na Sicilia, zilizokuwa chini ya Waislamu, mchezo uliingia Ulaya. Kilatini cha zama hizo kikamwita shah "scaccus", na Kifaransa cha kale kikasema "eschec", kwa wingi "eschecs". Wanormani waliokuwa wameiteka Uingereza mwaka 1066 ndio walioipa nchi hiyo tabaka la watawala wanaosema Kifaransa, na humo ndimo maneno haya yalimopita. Umoja wake ukawa "check", wingi wake ukawa "chess". Hivyo Mwingereza anapoutaja mchezo huo anasema, pasipo kujua, "mashaha".

Kutoka ubaoni neno likaanza kutembea. Mfalme aliyetishiwa hawezi kuendelea na mambo mengine mpaka ajiokoe, kwa hiyo "check" ikawa kusimamishwa ghafla, kisha kuzuia. Mtu anayezuia wengine wasiharibu lazima awaangalie, na hapo ikazaliwa maana ya kukagua na kuhakiki. Wataalamu wa katiba wanaposema mihimili ya dola idhibitiane, Kiingereza chao kinatumia neno hilihili.

Njia nyingine ilianzia kwenye ubao wenyewe, na hii ndiyo inayostahili kusimuliwa kwa kirefu. Katika utawala wa Henry I, aliyeshika kiti mwaka 1100 hadi 1135, hesabu za mapato ya mfalme wa Uingereza zilifanyiwa kwenye meza kubwa. Richard FitzNeal, mhazini wa Henry II, aliieleza meza hiyo katika kitabu alichoanza kukiandika miaka ya 1170: urefu wa futi 10 hivi, upana futi 5, ukingo umeinuliwa ili vitu visidondoke, na juu yake kitambaa cheusi chenye mistari. Namba za Kirumi hazifai kujumlishia, basi makarani walipanga vihesabio katika safu za peni, shilingi, pauni na kuendelea. Kila jimbo lilikuwa na ofisa wake, sheriff, ambaye alikaa upande mmoja akitetea alichokusanya, huku mhazini upande wa pili akimbana. FitzNeal aliona meza inafanana na ubao wa sataranji, na hata mabishano yale yalikuwa pambano la watu wawili. Ofisi ikaitwa "Exchequer". Hadi leo waziri wa fedha wa Uingereza ana jina hilo katika cheo chake, na nchini Kenya fedha za serikali bado hutolewa kupitia akaunti yenye jina lilelile la meza.

Hundi nayo ina kisa chake. Katika karne ya 18 "check" kilikuwa kishina, kile kipande kinachobaki kitabuni ili kulinganishwa na hati iliyotoka, mtu asighushi. Baadaye jina likahamia kwenye hati yenyewe. Waingereza wakaiandika "cheque" kwa kuifuatisha "Exchequer". Wamarekani wakabaki na tahajia ya zamani.

Wapo wanaoshikilia kwamba neno hilo limetokana na sakk ya Kiarabu. Hoja yao si ya kupuuzwa. Sakk ilikuwa hati halisi ya fedha: katika karne ya 10 msafiri Ibn Hawqal aliandika kwamba ameona huko Awdaghust, Mauritania ya leo, sakk ya deni la dinari 42,000. Lakini historia ya tahajia na ile maana ya kishina vinaelekeza kwenye ubao, na huko ndiko ushahidi ulikolemea.

Marekani ililizalisha neno zaidi. Drafti huko huitwa "checkers" kwa sababu ya miraba ya ubao wake, na alama ya vema ni "check" vilevile.

Kwenye pwani ya Afrika Mashariki mambo yamekuwa ya kipekee. Mchezo ulifika kwa njia ya Bahari ya Hindi, bila kupitia Ulaya, ndiyo maana Kiswahili kina sataranji, na mfalme wake ni shaha. Malenga mkuu naye huheshimiwa kwa cheo cha shaha wa malenga. Hati ya benki ikaitwa hundi, neno la wafanyabiashara wa Kihindi. Kisha ukoloni ukaleta Kiingereza, na pamoja nacho cheki. Kwa hiyo Kiswahili kimempokea mfalme mmoja mara mbili: kwanza akiwa na taji lake, akitoka Uajemi na Uarabuni, mara ya pili akiwa amezunguka Sicilia, Ufaransa na London hata hatambuliki.

Watunga kamusi watakapoandika asili ya cheki, wasiishie kwenye Kiingereza. Waliweke neno hilo karibu na shaha, ili msomaji aone kwamba hao ni ndugu wa tumbo moja.