Malungu ya Nyumbani na Moto wa Tabata

Ndugu zetu wa Ufipa, mlioko nyumbani na mlioko mjini, mwaka huu tumeomba ukurasa huu tuzungumzie malungu. Wengi wetu tuliokulia Nkasi na Sumbawanga tuliyachezea mavi ya chuma utotoni, yale mawe meusi mazito ya mashambani, bila kuuliza yametoka wapi.

Ilungu lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likafika mita 3 hivi kwenda juu. Halikuvukutwa, upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini. Wazee walilihesabu kuwa bibi harusi, na waliolihudumia hawakulala na wake zao mpaka kazi iishe. Chuma kilichotoka kilikuwa bado na taka, hivyo kilichomwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipohitajika. Padri Wyckaert wa Mapadri Weupe aliandika habari za wahunzi wetu mwaka 1914. Baadaye majembe ya Ulaya yakashinda kwa bei, malungu yakazimwa.

Kazi ya mhunzi ilianzia kintengwe ilipoishia. Alipokea vipandevipande, akaviunga kwa moto na nyundo mpaka vikawa jembe moja.

Sisi wa Tabata tumezoea kuunga kwa umeme. Mageti mengi ya Segerea na Kimanga yamepita mikononi mwa vijana wetu. Mgao wa umeme ulipozidi mwanzoni mwa 2024, karakana zikalala, tukamwomba mzee mmoja mhunzi, aliyekuja mjini kwa matibabu, atufundishe njia ya zamani. Yeye hakuona ilungu likiwaka. Babu yake ndiye aliyeona.

Siku ya kwanza tuliharibu nondo tatu. Tulizitoa zikiwa nyekundu, tukagonga, vipande vikaachana. Tukaziacha zaidi, zikatoa cheche kama fataki. "Hizo zimeungua, wanangu, tupeni," akasema. Katikati ya hapo ipo rangi ya manjano inayokaribia weupe, na uso wa chuma hung'aa kama umepakwa mafuta. Kabla haijafika hunyunyiziwa mchanga mkavu, safi, ambao huyeyuka pamoja na magamba meusi. Nyundo ikishuka, uchafu huo huruka nje na chuma hukutana na chuma. Pigo la kwanza liwe jepesi, tena liwahi. (Mwenzetu mmoja alipiga kwa hasira. Shati lake lina matundu hadi leo.)

Wiki ya pili kipande kimoja kilishika. Tulipokikunja kilipasuka kidogo pembeni. Mzee akakigeuzageuza, akasema kinafaa mundu, hakifai jembe.

Amekwisha kurudi nyumbani, na hana mwanafunzi hata mmoja. Huko malungu nayo yanabomoka, mengine yamelimwa juu yake. Kwa michango ya mwaka huu tunataka kumpelekea vijana wawili wakae naye msimu mzima wa kiangazi, pamoja na makaa, nyundo na fuawe, na kuezeka ilungu moja lililosimama bado, kabla mvua za Novemba hazijaanza.