Paa Kwanza: Historia ya Kuboresha Nyumba Kibuye na Mwambao wa Ziwa

Soko la Kibuye liko kando ya barabara inayotoka katikati ya Kisumu kwenda Kondele na Kakamega, na siku yake kubwa ni Jumapili. Wengi huenda kwa ajili ya mitumba, nafaka na samaki. Mwenye nyumba hupita kando, akaelekea kwa mafundi, penye milango iliyoegemezwa ukutani, fremu za madirisha za chuma, vitanda, sofa zisizovishwa kitambaa bado, na mbao zilizopangwa kwa urefu. Bidhaa hizo huuzwa moja moja, na nyumba za mwambao huu wa Ziwa Victoria zimeboreshwa vivyo hivyo kwa zaidi ya karne: mwaka huu paa, mwaka ujao sakafu, madirisha yakisubiri mshahara au mavuno. Mara nyingi paa ndilo lililotangulia.

Nyumba ya Wajaluo, wenyeji wa mwambao huu, katika karne ya 19 ilikuwa ya duara, yenye paa la nyasi lililochongoka. Wanaume walisimika nguzo, wakafunga fito na kuezeka. Wanawake walikandika ukuta na kusiriba sakafu kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Kileleni mwa paa la mwenye boma palichomoza mti mfupi uitwao osuri, ambao ulivunjwa alipofariki. Ukarabati ulikwenda na misimu. Ukuta ulikandikwa upya baada ya mvua kuulamba, na nyasi zilizooza au kuliwa na mchwa zilibadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Kazi ilikuwa kubwa, lakini haikuhitaji fedha: vifaa vilikatwa porini na kuchimbwa uani, na majirani walioitwa kusaidia walilipwa kwa chakula na pombe.

Reli ilibadilisha hesabu hiyo. Tarehe 20 Desemba 1901 njia ya reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Pamoja na reli yalikuja mabati. Karatasi za chuma zenye mikunjo zilipewa hataza Uingereza mwaka 1829, na zilifaa sana safari ndefu kwa kuwa hulaliana na kuchukua nafasi ndogo behewani. Stesheni, maghala na maduka ya Wahindi yaliezekwa kwa bati, na mji wote ukang'aa juani. Tauni iliyozuka Kisumu katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20 iliwapa maofisa wa afya sababu ya kulichukia paa la nyasi, kwa kuwa panya hujificha humo.

Vijijini bati lilipitia kwa machifu na kwa wasomi wa misheni. Shule ya Maseno ilifunguliwa na Wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906, na wanafunzi wake walikuwa miongoni mwa watu walioitwa jonanga, yaani watu wa nguo. Hao walianza kujenga nyumba za pembe nne zenye madirisha. Mwaka 1923 Shemasi Mkuu Walter Owen alisaidia kuunda Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, chama kilichowahimiza wanachama kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Ni rahisi kuicheka orodha hiyo leo, lakini miti iliyopandwa ilikuja kuwa nguzo na boriti za kizazi kilichofuata.

Umbo la pembe nne halikuwa suala la mtindo tu. Bati limenyooka, halikubali kuzungushwa juu ya paa la duara bila kukatwa vipande na kuvuja kila kiungo. Aliyetaka bati alilazimika kwanza kuubadilisha ukuta, kwa hiyo paa ndilo lililoichora ramani ya nyumba. Osuri nayo ilikosa kilele cha kusimama. Ndani yalitokea mabadiliko mengine: chumba chenye pembe hupokea kitanda cha mbao, meza na kabati, vitu ambavyo katika nyumba ya duara huacha mapengo nyuma yake. Soko la seremala lilipatikana hapo, na sehemu ya samani za Kibuye ni watoto wa pembe hizo nne.

Mishahara ya reli, bandari, mashamba ya chai ya Kericho na ofisi za Nairobi ilirudi nyumbani ikiwa imegeuka bati. Kulikuwa na busara katika uchaguzi huo. Ukuta wa udongo unaweza kukandikwa tena bila senti, lakini paa likivuja kila kitu chini yake huharibika. Tena bati ni mali inayohamishika: linaweza kuezuliwa, likahesabiwa na kuezekwa kwingine. Nyumba kubwa ikipata mabati mapya, ya zamani hushuka daraja na kwenda jikoni, kisha kwenye choo au banda la kuku. Kwa sababu hiyo nyumba nyingi za mwambao zilikaa miaka mingi zikiwa na paa la kiwandani juu ya ukuta wa udongo, hali ambayo mgeni huiona kama kazi iliyoachwa nusu.

Mila pia iliamua nani ajenge lini. Kijana hujenga simba, nyumba yake ya ujana, ndani ya boma la baba, na ndugu mkubwa hutangulia mdogo. Akifika wakati wa kuanzisha boma lake, hutoka na jogoo, shoka na moto, na nyumba ya kwanza ya boma hilo jipya inapaswa kukamilika kwa siku moja. Sharti hilo lilikuwa jepesi enzi za nyasi. Kwa nyumba ya matofali haliwezekani, na suluhisho likawa bati lilelile: kibanda kidogo cha mabati husimamishwa asubuhi na kulaliwa usiku, kisha nyumba ya kudumu hujengwa kando yake kwa miezi au miaka. Kitu kilichovunja umbo la nyumba ya kale kimesaidia kuihifadhi desturi yake.

Tofauti kati ya nyumba ya mji na dala, yaani boma la asili, ilifika hadi mahakamani. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake, Wambui Otieno, na ukoo wa Umira Kager walishindana kuhusu mahali pa kumzika. Upande wa ukoo ulidai kwamba makao yake ya Nairobi yalikuwa nyumba tu, si dala. Ukoo ulishinda, na Mei 1987 alizikwa Nyalgunga, Siaya. Kwa muuza milango, hoja hiyo ina tafsiri yake: mteja anaweza kuvumilia mlango uliolegea katika chumba cha kupanga mjini, huku akilipia mlango mzito wa nyumba atakayolala siku za likizo na za matanga.

Mjini Kisumu kwenyewe maamuzi yalifuata kodi ya pango. Manyatta na Nyalenda yalikuwa mashamba ya familia nje ya mji wa kikoloni, yakaingizwa ndani ya mipaka ya manispaa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wenye ardhi waliongeza safu za vyumba uani: kuta za udongo kwanza, plasta ya saruji baadaye, sakafu ya saruji wapangaji walipoanza kuchagua. Mtaa wa Migosi ulipimwa chini ya mpango wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Serikali ilileta barabara, maji na maji taka, na mwenye kiwanja akajijengea kadiri ya mfuko wake.

Mafundi wa Kibuye wamebadilika pamoja na bei. Fremu za chuma zilizochomelewa zilichukua nafasi ya nyingi za mbao, kwa sababu haziliwi na mchwa na nondo za usalama huunganishwa humohumo. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali, iliyoanza Februari 2018 na kutangazwa kuondolewa Julai 2023, iliwasukuma wauza mbao kutegemea zaidi miti ya mashambani na mbao kutoka nchi jirani. Kwenye mabati, mnunuzi mzoefu huuliza geji kabla ya rangi: geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni nyembamba zaidi, ingawa nambari yake ndiyo kubwa. Wengi wamedanganyika hapo.

Msingi umebaki nyuma katika historia hii, na ndio unaodai deni lake sasa. Udongo mweusi wa tambarare za Kano huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Ukuta wa fito ulijongea pamoja nao bila madhara. Ukuta wa matofali hupata nyufa, isipokuwa udongo huo uchimbwe na kuondolewa kwanza. Ziwa nalo hupanda. Lilipanda baada ya mvua kubwa za 1961, na mwaka 2020 likafurika tena hadi majumbani katika maeneo ya ufuoni kama Dunga. Nyumba ya bati na mbao huweza kufunguliwa na kusogezwa mlimani. Ya matofali haihami, na mwenye nayo huokoa paa, milango na madirisha peke yake.