Hesabu ya Walimu

Wanaoandika habari za elimu hupenda kuhesabu shule na wanafunzi. Walimu huja mwishoni, katika mstari mmoja wa jedwali. Lakini nikitaka kujua nchi iliwajali vipi watoto wake, mimi huanza na mstari huo.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na walimu wa shule za msingi wasiofika 10,000, na wanafunzi wapatao 486,000. Kwa wastani mwalimu mmoja alikuwa na watoto hamsini hivi. Wastani huo haukuwa mbaya sana. Ubaya ni kwamba watoto walio wengi hawakuwamo katika hesabu hiyo, kwa kuwa hawakupata shule kabisa.

Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Majengo yangeweza kujengwa kwa nguvu za wanakijiji. Mwalimu je? Yeye hafyatuliwi kama tofali. Vyuo vya ualimu, hata vingejazwa hadi mabwaloni, visingeweza kutoa makumi ya maelfu ya walimu kwa miaka mitatu.

Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Kuanzia mwaka 1976 walifundisha huku wakijifunza, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na usimamizi wa walimu waliopita shule hadi shule. Baada ya miaka mitatu walikwenda chuoni kwa majuma machache, kisha wakapewa cheti cha Daraja la IIIC. Zaidi ya 35,000 walipatikana kwa njia hiyo.

Niliwaona kwa karibu. Asubuhi kijana alisimama mbele ya darasa la kwanza. Mchana aliketi kwenye dawati lile lile kujifunza hesabu ambazo angezihitaji kesho yake. Usiku alifanya mazoezi yake kwa mwanga wa kibatari. Betri za redio zikiisha, kipindi cha juma hilo kimempita.

Watu hawakukawia kuwacheka. Herufi za UPE, zilizotaja mpango wa elimu ya msingi kwa wote, zikageuzwa kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Waliocheka walisahau jambo moja. Mwaka 1974 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa kiasi cha milioni 1.2, mwaka 1981 walikaribia milioni 3.5. Bila vijana wale, mamilioni ya watoto wa wakulima na wafugaji wangebaki wakichunga mbuzi kando ya shule.

Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa kuwachukua. Lilikuwa kuwaacha. Mwalimu aliyeanza na kidogo alistahili kuendelezwa mwaka hadi mwaka. Lakini vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na kuanguka kwa mapato ya mazao vilimaliza fedha. Vitabu viliadimika, mshahara ukapoteza thamani, na wako waliokaa na daraja lile lile hadi mvi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilipotaka mwalimu mwanafunzi awe na daraja la tatu la kidato cha nne, iliwaangalia wanaokuja zaidi kuliko waliokwisha kubeba mzigo.

Mambo hayo yalijirudia. MMEM ulipoanza mwaka 2002, ada ikiwa imefutwa, wanafunzi waliongezeka kutoka chini ya milioni 5 mwaka 2001 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Mafunzo ya ualimu yakafanywa mwaka mmoja chuoni na mmoja shuleni. Mwaka 2016 ukaja utaratibu wa elimu bila ada, na mwaka 2018 wanafunzi walipita milioni 10. Kila mara mlango hufunguliwa kwanza, mwalimu akatafutwa baadaye.

Sisemi mlango ungefungwa. Mtoto wa miaka saba hawezi kungoja chuo kijengwe. Ila aliyechukuliwa kwa haraka ana haki ya kufundishwa bila haraka baadaye, na haki hiyo haionekani katika jedwali lolote.

Vijana wale wa 1976 sasa ni wazee, wamestaafu. Msomaji, kama ulianza shule ya kijijini miaka ile, huenda aliyekushika mkono ukaandika herufi ya kwanza alikuwa mmoja wao. Kama yu hai, nenda ukamwamkie.