Kauli Moja au Kutokuwa na Neno: Mwafaka wa Nairobi wa 1985 na Mgawanyiko wa Kisiasa katika Harakati za Wanawake

Utangulizi

Katika Kiswahili, jina neno lina maana pana kuliko inavyodhaniwa. Neno ni kipashio cha lugha, lakini pia ni jambo, shauri au mgogoro. Penye wazee haliharibiki neno, husema wahenga, na hapo haikusudiwi sarufi. Aidha, mtu aliyeridhia pendekezo la wenziwe husema, "Sina neno." Kauli hiyo haimaanishi kwamba analipenda pendekezo, wala kwamba angelitoa yeye mwenyewe. Maana yake ni kuwa hatalizuia.

Mhadhara huu unachunguza tukio la kihistoria ambamo maana hizo mbili za neno zilikutana. Tukio lenyewe ni Mkutano wa Dunia wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Nairobi kuanzia tarehe 15 hadi 26 Julai 1985. Mgogoro uliotishia kuuvunja ulihusu neno moja la kileksika: Uzayuni. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mkutano huo haukumalizika kwa kauli moja, kama watafsiri wengi walivyozoea kuandika kila panapotokea uamuzi usiopigiwa kura. Ulimalizika kwa namna ya kutokuwa na neno. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu inaamua kama waliobaki na hoja zao watakumbukwa au watafutwa katika historia.

Chimbuko la mgawanyiko

Mwaka 1975 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake, nao ukafuatiwa na Muongo wa Wanawake, 1976 hadi 1985, uliobeba shabaha tatu: usawa, maendeleo na amani. Mkutano wa kwanza ulifanyika Mexico City katika Juni na Julai 1975. Azimio la Mexico liliuorodhesha Uzayuni pamoja na ukoloni, ukoloni mamboleo na ubaguzi wa rangi kuwa miongoni mwa mambo yanayopaswa kuondolewa. Azimio hilo lilipita kwa kura. Denmark, Israeli na Marekani zililipinga. Miezi michache baadaye, tarehe 10 Novemba 1975, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 3379, lililoutamka Uzayuni kuwa aina ya ubaguzi wa rangi, na katika utangulizi wake likalitaja Azimio la Mexico. Neno lililopitishwa na mkutano wa wanawake lilikuwa limegeuka kuwa hoja ya mataifa yote.

Mexico ilidhihirisha pia ugumu wa kuamua nani aseme na aseme nini. Domitila Barrios de Chungara, mke wa mchimba madini kutoka Bolivia, alihudhuria mkutano wa mashirika yasiyo ya kiserikali uliokwenda sambamba na ule wa serikali. Katika kitabu cha maisha yake, alichosimulia kwa Moema Viezzer, anaeleza jinsi alivyotakiwa kuacha kuzungumzia mateso ya watu wake ili azungumzie mambo ya wanawake. Yeye hakuona mpaka kati ya mambo hayo mawili. Mateso ya wachimba madini yalikuwa ndiyo maisha yake akiwa mwanamke.

Mkutano wa pili ulifanyika Copenhagen mwaka 1980. Mpango wa Utekelezaji uliotolewa huko uliutaja Uzayuni tena. Ulipita kwa kura 94 dhidi ya 4, na nchi 22 hazikupiga kura upande wowote. Waliokataa walikuwa Australia, Israeli, Kanada na Marekani. Hivyo hati iliyokusudiwa kuwa ya wanawake wote ilikataliwa na baadhi ya serikali ambazo utekelezaji wake uliwategemea, si kwa sababu ya elimu, afya au ajira, bali kwa sababu ya orodha ya maovu ya dunia.

Athari hazikuishia serikalini. Mwandishi wa Kimarekani Letty Cottin Pogrebin alichapisha mwaka 1982 makala marefu kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi ndani ya harakati za wanawake. Kwa upande mwingine, wanawake wa Kiarabu na wengi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini waliona kwamba kuambiwa "msilete siasa" ni siasa pia. Kwa mwanamke anayeishi chini ya ukaliaji wa kijeshi au chini ya utawala wa makaburu wa Afrika Kusini, waliuliza, jambo gani lililo la wanawake na lisiwe la siasa? Pande zote mbili zilikuwa na jeraha la kweli, na kila upande uliamini kuwa mwingine ndio ulioiteka nyara ajenda ya wanawake.

Nyua mbili za Nairobi

Nairobi ilikuwa na mikutano miwili. Wajumbe wa serikali kutoka nchi 157 walikutana katika Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta. Jukwaa la mashirika yasiyo ya kiserikali lilianza mapema zaidi, tarehe 10 Julai, katika viwanja na kumbi za Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko walifika watu wapatao 14,000, idadi ambayo haikuwa imeonekana Mexico wala Copenhagen. Kamati ya maandalizi ya Jukwaa iliongozwa na Nita Barrow wa Barbados, na ile ya wenyeji iliongozwa na Eddah Gachukia wa Kenya.

Nyua hizi mbili zilitumia njia tofauti za kusimamia mgawanyiko. Jukwaa halikutakiwa kutoa azimio la pamoja. Kwa kuwa hapakuwa na hati ya kupitisha, hapakuwa na neno la kugombea kuliingiza wala kulitoa. Watu waligawanyika kwenye warsha zaidi ya 1,000, wakachagua pa kwenda. Mtandao wa DAWN, ulioanzishwa Bangalore mwaka 1984 na wanawake wa nchi za Kusini, ulitumia nafasi hiyo kuonyesha kuwa madeni, njaa na vita ni mambo ya wanawake sawa na ndoa na uzazi. Betty Friedan wa Marekani alikaa kila siku chini ya mti na kuzungumza na yeyote aliyekuja, mtindo ambao mwenyeji wa Afrika Mashariki asingeshindwa kuutambua kuwa ni baraza.

Palikuwapo pia Hema la Amani. Humo wanawake wa Israeli na wa Palestina walikaa na kujibizana, na wanawake wa Marekani na wa Urusi ya wakati huo walifanya vivyo hivyo, katika mwaka ambao serikali zao zilikuwa zikielekezeana makombora. Mazungumzo hayakuwa ya upole siku zote. Hema halikumtaka mtu aondoke na msimamo mpya. Lilimtaka asikilize mpaka mwisho.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kukosekana kwa azimio kuliondoa mamlaka ya kunyamazisha. Kwa maelezo ya mwandishi wa Misri Nawal El Saadawi, Friedan alimwomba asiitaje Palestina katika hotuba yake, kwa sababu mkutano ulikuwa wa wanawake na si wa siasa. El Saadawi hakuukubali mgawanyo huo. Tukio hilo ni dogo, lakini linafunza kwamba pasipo mwenyekiti rasmi, wenye majina makubwa hugeuka kuwa wenyeviti bila kuchaguliwa.

Mwenye kiti na neno lililobaki

Katika ukumbi wa serikali hali ilikuwa tofauti, kwa sababu hapo hati ililazimika kupatikana. Aliyechaguliwa kuongoza mkutano alikuwa Margaret Kenyatta, aliyezaliwa mwaka 1928, binti wa Rais wa kwanza wa Kenya, Meya wa Nairobi kutoka 1970 hadi 1976, na baadaye mwakilishi wa Kenya katika Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Inafaa kugusia hapa kwamba Kiingereza kilikuwa na ubishi wa muda mrefu kuhusu jina la cheo hicho, kama litaje mwanamume, mwanamke au mtu tu. Kiswahili hakikuwa na ubishi huo. Mwenyekiti ni mwenye kiti, wa jinsia yoyote. Lakini mwenye kiti si mwenye neno. Kazi yake ni kugawa zamu, kupima joto la ukumbi, na kujua saa ya kusitisha kikao ili watu wakazungumze pembeni.

Marekani, ambayo ujumbe wake uliongozwa na Maureen Reagan, binti wa Rais Ronald Reagan, ilikuwa imesisitiza kwamba hati ipitishwe kwa mwafaka. Msimamo huo uliwapa wachache nguvu kubwa, kwani kila mmoja aliweza kuizuia. Lakini uliwafunga pia, kwa kuwa yeyote ambaye angeizuia angebeba lawama ya kuvunja mkutano wa kuhitimisha Muongo mzima, tena katika ardhi ya Afrika. Kufikia siku ya mwisho, sehemu kubwa ya hati ilikuwa imekubaliwa, lakini Uzayuni ulikuwa bado umesimama katika aya ya 95, inayoorodhesha vikwazo vya maendeleo. Katika desturi ya Umoja wa Mataifa, maneno yasiyokubaliwa huwekwa ndani ya mabano, na kazi ya majadiliano ni kuyaondoa mabano hayo, ama pamoja na maneno yaliyomo, ama kwa kuyaacha maneno yasimame.

Kenya, ikiwa mwenyeji, ndiyo iliyoleta suluhu. Ilipendekeza kwamba Uzayuni uondolewe na mahali pake pawekwe maneno yenye maana ya "aina nyinginezo zote za ubaguzi wa rangi". Kwa mtazamo wa semantiki, hatua hii ni ya kuvutia. Neno mahususi liliachwa, likachukuliwa neno jumuishi, yaani lile linalobeba mengine chini yake. Aliyeamini kuwa Uzayuni ni ubaguzi aliweza kusoma kwamba umo. Aliyeamini kuwa sio aliweza kusoma kwamba haumo. Wanaisimu huutazama utata kuwa kasoro ya mawasiliano. Hapa utata ulikuwa wa makusudi, na ndio uliowezesha mawasiliano kuendelea. Kikao cha mwisho kiliendelea hadi alfajiri. Hati yenye aya 372, Mikakati ya Nairobi ya Kuangalia Mbele kwa Maendeleo ya Wanawake, ikapitishwa bila ya hati nzima kupigiwa kura.

Gharama ya suluhu

Je, hii ilikuwa kauli moja? Ushahidi unakataa. Baadhi ya aya zilipigiwa kura peke yake, ikiwemo inayowahusu wanawake na watoto wa Palestina, ambayo Marekani na Israeli ziliipinga. Aya hiyo ilibaki. Nchi kadhaa pia ziliweka kwenye kumbukumbu matamko ya kujitenga na sehemu fulani za hati. Hivyo ndani ya mwafaka mlikuwa na wenye neno, na maneno yao yaliandikwa.

Wapo waliouona mwafaka huo kuwa ushindi wa busara, na wapo waliouona kuwa njia ya kuficha ukweli chini ya neno pana. Hoja ya pili isipuuzwe. Kila neno linaloondolewa ili watu wabaki ukumbini linaondolewa kwa gharama ya mtu fulani, na mara nyingi huyo si mtu mwenye nguvu. Wala isisahaulike kwamba mwenyeji aliyesuluhisha mgogoro huo alikuwa dola ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria tangu 1982. Wakenya wenyewe hawakuwa na uhuru wa kubishana kisiasa nje ya ukumbi kama wageni wao walivyobishana ndani.

Lakini hoja ya kwanza nayo ina uthibitisho wake. Baraza Kuu liliiidhinisha Mikakati ya Nairobi mwezi Desemba 1985. Hati iliyokuwa haina mpinzani rasmi ilizipa jumuiya za wanawake kitu cha kuzishikia serikali zao, kwani hakuna serikali iliyoweza kusema kwamba ilikuwa imeikataa. Azimio 3379 lenyewe lilifutwa na Baraza Kuu tarehe 16 Desemba 1991. Mgogoro wa Palestina na Israeli haukufutika pamoja nalo.

Hitimisho

Miaka kumi baada ya Nairobi, mkutano wa nne ulifanyika Beijing, Septemba 1995, na Katibu Mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella wa Tanzania. Huko pia neno moja, lile la jinsia katika maana ya kijamii, lilizua ubishi kiasi cha kuhitaji kikundi maalumu na tamko maalumu la jinsi litakavyoeleweka. Mabano yalikuwa yamehamia kwenye neno jingine.

Historia hii inampa mwanafunzi wa Kiswahili kazi mahususi. Anapokutana na uamuzi uliopitishwa bila kura, asikimbilie "kauli moja". Kauli moja inadai kwamba wote walisema lile lile. Mwafaka unadai kidogo zaidi: kwamba walipatana pa kuishia. Maridhiano yanadai mengi zaidi, kwa kuwa hugusa mioyo, na Nairobi haikuyafikia. Kilichofikiwa alfajiri ile ni watu waliogawanyika kukubali kutoizuia hati, huku wakiacha majina yao kando ya aya wasizozikubali. Mtafsiri anayeandika "kwa kauli moja" anayafuta majina hayo kwa maneno matatu tu. Anayeandika "bila kupigiwa kura" anayaacha mahali yalipo, na msomaji anaweza kuyafuata.